Rupia Iliyooshwa kwa Ndimu

Wiki ya mwisho ya Ramadhani, mwaka wa hamsini na tatu, karakana ya sonara Jaysukh katika mtaa wa Wahindi, Bagamoyo, ilifurika wanawake hadi barazani. Kila mmoja alikuja na kifurushi cha fedha kuukuu, na kila mmoja alitaka bangili mpya kabla ya Idi. Penye moto alikaa Mrisho, fundi wa Jaysukh, kijana mrefu mwenye fulana iliyotobolewa na cheche na kofia ya vito, ya kudarizi, iliyoinamia sikio moja. Koleo lake lilikuwa limebana rupia kubwa ya Mdachi, ya enzi za Wajerumani, na rupia ilikuwa inakwenda motoni.

"Wee kaka! Usithubutu!"

Watu waligeuka. Aliyepiga kelele alikuwa msichana wa kanga za njano, kipini puani, sinia la vitumbua vya futari kichwani.

"Dada, hii ni mali ya Bi Kibibi," alisema Mrisho. "Mwenyewe ndiye aliyetaka iyeyushwe."

"Shikamoo Bi Kibibi. Nikupe nini uniachie rupia hiyo?"

"Marahaba mwanangu. Mimi shida yangu bangili. Pesa hiyo ilikufa zamani, Mdachi alipokimbia."

Msichana akatua sinia, akavua bangili yake ya fedha, ya pekee aliyokuwa nayo, akamvisha bibi yule papo hapo. Wapo waliosema saumu ilikuwa imempanda kichwani. Mimi nasema mle karakanani hapakuwa na mwenye akili timamu kumshinda.

"Kumbe ndiye wewe, Zuleha wa Pesa Mfu!" Mrisho alicheka.

"Na wewe ndiye mla rupia. Haya, nipe. Si kwa koleo! Ishike ukingoni, kwa ncha za vidole. Jasho linakula uso."

"Uso wa nani?"

"Wa Kaisari, mfalme wao Wadachi, na kofia yake ya chuma. Na huku nyuma simba chini ya mti. Hujapata kuwatazama?"

Mrisho alikuwa ameyeyusha rupia nyingi na hakupata kuitazama hata moja. Aliigeuza polepole, akamwona simba, mweusi kwa umri, mkia juu. Kisha akamtazama mwenye kuuliza, na huko alikawia zaidi.

Baada ya Idi, fundi yule alishikwa na njaa ya vitumbua isiyoeleweka. Kila asubuhi alikuwa barazani kwa Zuleha, na vitumbua vikimpoa mkononi.

"Huli, unanunua tu," Zuleha alimwambia. "Sema unachotaka."

"Nataka kuwa kama wewe. Nifundishe kukusanya sarafu."

"Muongo!"

"Wallahi! Nianzie wapi?"

Zuleha alileta bweta lake, kijisanduku cha mbao. Kazi hii aliianza kwa mzaha wa watu. Wazee walikuwa wakimlipa kwa pesa zilizokwisha kufa ili wamcheke, naye akizipokea na kusema ahsante. Kila sarafu alikuwa ameifunga peke yake katika kipande cha kanga kikavu, maana hewa ya chumvi haina huruma.

"Anza na unayoipenda," alisema. "Usitazame thamani. Mimi nilianza na hii pesa ya Sultani kwa sababu ya mizani yake, basi. Pili, usidhani kila kuukuu ni adimu, hizi za mizani zimejaa kila nyumba. Tatu, usinunue kwa pupa. Igonge, isikilize. Ya bandia hailii vizuri."

"Na nikiona nzuri sana, moyo ukanienda mbio?"

"Itazame pande zote mbili kwanza."

"Nimeshatazama."

"Nazungumzia sarafu, Mrisho."

"Mimi pia, mpenzi," alijibu, na uso wa Zuleha ukawaka kama kaango lake.

"Usiitoboe kuivaa shingoni," aliendelea, akijitia ukali. "Na usiioshe! Hili kubwa kuliko yote. Rupia ya kwanza niliyoipata niliisugua kwa majivu hadi simba akabaki hana macho. Nikalia. Huu weusi ndio ngozi yake. Mgeni wa kazi hii kosa lake la kwanza ni kutaka ing'ae."

Mrisho aliapa hataosha kitu. Mapenzi yakakolea, posa ikapelekwa kwa shangazi yake Zuleha, Bi Sikuzani, aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki. Bi Sikuzani aliipokea posa, akaitaja desturi ya nyumba yao. Bibi harusi huingizwa ukumbini, somo wake, kungwi aliyemfunda, humwinua mikono, vikuku vya fedha vya mikononi vikalia, na wanawake wakisikia mlio ndipo hupiga vigelegele.

"Na fedha ya vikuku unayo mwenyewe, ndani ya bweta," alimwambia Zuleha. "Tutaiyeyusha."

"Shangazi, haiyeyushwi."

"Utatoka mikono mitupu kama aliyeokotwa njiani? Unataka watu wanicheke?"

"Haiyeyushwi."

Wakati huohuo Zuleha alikuwa amempa Mrisho ile rupia kubwa aipime karakanani, apate kujua kama ni fedha tupu. Mrisho aliirudisha jioni ya pili, imefungwa kwa kitambaa cha hariri, naye amevaa kanzu iliyopigwa pasi na uso wa mtu mwenye wasiwasi.

Zuleha alifungua. Rupia ilikuwa inang'aa kama kijiko kipya. Weusi wote ulikuwa umekwenda, manyoya ya simba yamelainika, na harufu ya ndimu ilikuwa bado ipo.

Sasa jua jambo moja la mafundi fedha. Fedha huoshwa kwa ndimu na majivu ikirudi kwa mwenyewe, na huoshwa vilevile kabla ya kuyeyushwa. Zuleha alilijua hilo la pili tu, na nia ya shangazi ya kuyeyusha aliijua pia. Akajumlisha.

"Kumbe mmekwisha kupatana," alisema.

"Nani na nani?"

"Umeanza na hii. Zilizobaki utaziosha lini? Kesho?"

"Zuleha, sikiliza..."

"Ulikuja kwangu ukila vitumbua vyangu, kumbe unahesabu vikuku! Mwambie aliyekutuma sitaki vikuku na sikutaki wewe."

Mrisho alifungua mdomo, akamtazama Bi Sikuzani aliyesimama mlangoni nyuma ya Zuleha, akaufunga. Kesho yake akapanda lori kwenda Dar es Salaam. Zuleha alikaanga vitumbua, akaviunguza, akawauzia watu hivyohivyo na ole wake aliyelalamika. Usiku mto wake haukukauka.

Siku nyingi zikapita kabla Jaysukh mwenyewe hajafika barazani kununua vitumbua.

"Umenikosesha fundi, binti," alisema.

"Nimemkosesha nani? Fundi wako alitaka kuyeyusha mali yangu."

"Ayeyushe?" Jaysukh alitua kitumbua. "Shangazi yako alileta bweta lako asubuhi moja, wewe uko sokoni. Mrisho akakataa. Nikamwambia kazi ni kazi. Akasema, 'Bwana Jaysukh, nikiziyeyusha hizi mikono yangu haitanifaa tena.' Tukagombana, mimi nina hasira, nikamfukuza. Sasa namjutia. Yuko kwa shemeji yangu, Dar."

Zuleha aliingia ndani na sinia lake.

"Shangazi, ulipeleka bweta langu kwa sonara?"

Bi Sikuzani aliinamisha kichwa kwenye mchele aliokuwa akiupepeta. "Nilikuwa naficha aibu yako."

"Aibu ni yako, shangazi. Mimi sina."

Akajitupia buibui, akaenda moja kwa moja dukani kwa Yusufali, kwenye simu, huku duka limejaa wanunuzi.

"Binti, simu hii ni ya biashara," Yusufali alimwonya.

"Leo ni ya mapenzi. Niunganishie Dar, kwa shemeji yake Jaysukh, nitalipa."

Mwenye kupimiwa sukari akasahau sukari.

"Alo? Alo! Mrisho?"

"Nani?"

"Umeisahau sauti yangu?"

"Zuleha! Hiyo simu naijua ilipo. Watu wote wanakusikia."

"Na wasikie. Kwa nini hukuniambia alileta bweta?"

"Nimtaje mkwe wangu kwa ubaya, naye amesimama mlangoni? Sikulelewa hivyo."

"Na rupia? Kwa nini uliiosha?"

Waya ulikoroma. "Tangu nijifunze kazi sijapata kumrudishia mtu fedha chafu, ni aibu kwa fundi. Niliipima, mikono ikaendelea yenyewe. Nilipokumbuka maneno yako ndimu ilikuwa imeshaingia. Nisamehe, mpenzi. Nimeyeyusha vingi, lakini kuiosha hiyo moja ndiko kunakoniuma."

Zuleha alifuta macho kwa ncha ya buibui, mbele ya watu wote. "Weusi wake utarudi?"

"Utarudi. Iache hewani, isiguswe. Ila itachukua miaka."

"Mingi?"

"Tutakuwa na mvi."

"Basi njoo tuingoje pamoja."

"Unaniposa, Zuleha? Kwenye simu ya Yusufali?"

"Uliniposa nikakukataa, sasa zamu yangu. Unakubali, au nikate?"

"Nakubali! Usikate! Na vikuku je?"

"Sivai. Nitatoka na mikono yangu alivyoniumba Mungu. Atakayecheka, acheke ameshiba pilau yangu."

Nao walikuja kucheka, msidhani hawakuja. Siku ya harusi ukumbi ulijaa asumini na udi. Zuleha aliingia na leso ya kisutu, kanga ya maarusi, hina viganjani, piko nyeusi hadi kwenye viwiko, macho chini kama bibi harusi apaswavyo. Somo wake alimwinua mikono juu.

Hakuna kilicholia. Wanawake walitazamana, mmoja akaguna, Bi Sikuzani akajifunika uso kwa kanga.

Zuleha akainua macho. Akawatazama mmoja mmoja, mikono ingali juu, mitupu, kisha akafanya ambalo bibi harusi hajapata kulifanya Bagamoyo: akapiga kigelegele mwenyewe. Kilikuwa kirefu, na alikipiga peke yake hadi pumzi ikakaribia kumwishia. Ndipo Bi Kibibi, kule nyuma, akainua mkono wenye bangili ya fedha ile, bangili ya Zuleha, akaitikisa ikalia, na naye akakipokea. Kikashika ukumbi mzima. Bi Sikuzani alichelewa, lakini alipoanza hakuna aliyeweza kumnyamazisha.

Asubuhi yake rupia ilikuwa dirishani, juu ya kipande cha kanga, bado inang'aa vibaya. Mrisho aliamka wa kwanza, akanyoosha mkono taratibu aione kama imeanza kubadilika.

"Usiiguse," alisema Zuleha, macho bado yamefumbwa.