Mwongozo Mfupi wa Mtambo wa Shaba

Msimu wa maua ya mdanzi, ule mti wa jamii ya mchungwa, ukifika, mji wote wa Nabeul, Tunisia, hunukia. Wanawake humwaga maua juu ya shuka safi uani. Kila nyumba hukeneka maji ya maua kwa mtambo wa shaba. Maua huchemshwa chunguni. Mvuke hupanda, hugusa kifuniko kilichopozwa kwa maji, hugeuka matone na kuingia chupani. Maji hayo hutiwa kwenye keki na kwenye kahawa, na mtu akiumwa kichwa hupakwa kipajini.

Mitambo mizuri kuliko yote iliuzwa na Mongi. Hayo ni maneno yake mwenyewe, lakini hata waliomsema vibaya walinunua kwake.

Asubuhi moja Mongi alikuwa anafua shaba. Mkewe, Dalenda, akaingia dukani na simu mkononi. Uso ameukunja.

"Kuna mama wa Béja kaandika kwenye ukurasa wetu. Anaitwa Wided."

"Anatusifu?"

"Sikiliza mwenyewe. 'Mtambo huu unaunguza. Maji yote yananuka moshi. Jumapili najaribu mara ya mwisho. Ukiunguza tena naurudisha, na Béja nzima itajua.'"

Mongi akaweka nyundo chini. Aliumia hasa. Baba yake na babu yake walifua shaba maisha yao yote, na hakuna mtambo wao hata mmoja uliowahi kurudishwa dukani.

"Kauunguza mwenyewe!" akafoka. "Kaweka moto mkali, na maji ya juu hakubadilisha. Siku ya kununua nilimwonyesha hapa hapa. Na mtandaoni nimeandika yote. Yote!"

"Umeandika, bwana. Nani kayaona?"

Dalenda akafungua ukurasa wa maelekezo. Ulianza na salamu, kama barua ya mtu mwenye adabu. Zikafuata dua za kumwombea msomaji na watoto wake. Kisha akaja babu. Dalenda akasukuma kwa kidole, akasukuma tena.

"Hapa babu bado yuko hai," akasema. "Ngoja... haya, sasa amefariki, Mungu amrehemu. Maji ya juu yako wapi?"

Mtu akacheka mlangoni. Alikuwa Radhia, jirani yao, amekuja kuchukua sufuria yake iliyopakwa bati. Radhia hufanya kazi nyumbani. Huwaandikia wauza cherehani kurasa za maelekezo mtandaoni.

"Ami Mongi, niangalie?" akaomba. Akasoma mpaka mwisho. "Ni maandishi mazuri. Kweli nimeyapenda. Lakini hayo ni ya mtu aliyekaa na kikombe cha chai. Mama Wided hakukaa. Amesimama jikoni, mikono imelowa, moto unawaka."

"Sasa nimwandikieje?"

"Mwandikie mwongozo wa haraka. Huo haufundishi kazi tangu mwanzo. Ni wa mtu aliyeonyeshwa, kisha kasahau kidogo. Anachungulia, anapata jibu, anarudi kwenye chungu chake. Anza kila mstari na jambo la kufanya. Weka. Funika. Zima. Upange kama kazi inavyokwenda, usiupange kama wewe unavyokumbuka."

"Na salamu?"

"Hakuna salamu."

Mongi akaruka. "Nimwingilie mtu jikoni kwake bila salamu? Mimi mtu wa Nabeul, au mgambo?"

"Ami, jirani akipiga kelele 'Maziwa yanamwagika!', utamuuliza kwanza habari za watoto?"

"Nitamwambia azime moto."

"Basi hiyo ndiyo salamu yake. Umeheshimu muda wake."

Dalenda akacheka mpaka akashika meza. Mongi hakucheka, lakini alichukua kalamu.

Kukata maneno kulimtesa. Kila alipofuta sentensi, alitoa pumzi kama mtu anayeng'olewa jino. Babu hakutupwa. Radhia alimfungulia ukurasa wake peke yake, ili mwenye nafasi amsome kwa raha.

"Tumemaliza?" Mongi akauliza.

"Bado. Mwandishi haoni makosa yake, kwa sababu kazi anaijua. Tumpe mtu asiyejua."

Radhia akamwita mumewe, Fethi, ambaye hata yai humshinda kuchemsha. Wakamsimamisha mbele ya mtambo wa Dalenda, wakampa simu. Radhia akawakataza wengine kusema neno. Fethi akaweka maua, akafunika, akasoma, kisha akaganda.

"Imeandikwa 'moto wa kiasi'. Kiasi gani?"

"Kiasi!" Mongi akashindwa kunyamaza. "Kila mtu anajua!"

"Mimi sijui. Na huyo mama wa Béja hajui."

Mongi akachukua kalamu tena. Hapo ndipo alipoelewa. Kwa maneno hayo hayo Wided angeunguza tena. Akafuta, akaandika kile ambacho jicho linaweza kukiona. Fethi akaendelea mpaka chupa ikajaa maji meupe, yenye harufu safi. Akatembea nayo uani kama bwana harusi.

Mwongozo ukabaki hivi:

KUKENEKA MAJI YA MAUA
1. Weka maua. Mimina maji yafunike maua. Acha nafasi juu.
2. Funika. Ziba ungio la chungu na kifuniko kwa kitambaa kilicholowa.
3. Jaza maji baridi juu ya kifuniko.
4. Washa moto mdogo. Matone yatoke moja moja. Yakitoka kama uzi, punguza moto.
5. Gusa maji ya juu kwa ncha ya kidole. Yakipata moto, yabadilishe.
6. Chupa ikijaa, zima. Usingoje chungu kikauke.
Mvuke ukitoka pembeni: punguza moto, kaza kitambaa.
Ukisikia harufu ya moshi: zima, ondoa chupa.
Historia na maelezo marefu: bonyeza hapa.

Dalenda akauweka juu kabisa ya ukurasa wao, kisha akamtumia Wided.

Jumapili Mongi alikaa dukani ingawa hapakuwa na kazi. Alisema hangoji chochote. Simu ilipolia, aliinyakua kabla mkewe hajanyoosha mkono.

Ilikuwa picha. Jiko la Wided lilionekana lote. Simu yake ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, imeegemezwa kwenye kopo la sukari, na mwongozo uko wazi kwenye kioo. Plastiki ilikuwa imejaa matone na alama za vidole. Kando yake ilisimama chupa, imejaa hadi shingoni.

Chini yake Wided ameandika: "Ami Mongi, harufu imefika mpaka kwa majirani. Sikumpigia mtu simu kuuliza. Mtambo haurudi ng'o. Dada yangu naye anataka wake."

Mongi akaikuza picha kwa vidole viwili.

"Ona plastiki ilivyolowa," akasema. "Kaushika mwongozo, kaufuata mstari kwa mstari."

"Nimeona, mume wangu," Dalenda akasema. Naye macho yalikuwa yanamng'aa. "Hongera."

Mongi akavaa kofia yake, akatoka na simu. Akapita duka moja baada ya jingine, kwa mfinyanzi, kwa msuka mikeka, kwa muuza viungo. Mtu aliyezoea kusimulia habari za ukoo wake kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, safari hii aliweka tu simu mezani.

"Nimeandika mimi," akawaambia. "Someni. Haichukui muda."