Koti Lililokunywa Maziwa

OMBI LA MATENGENEZO, DARAJA LA TATU: HARUFU ISIYO YA DHARURA, KABATI LA CHUMBA CHA PILI.

Hivyo ndivyo ofisi ya majumba pale Iroquois, kusini mwa Louisville, ilivyoliita jambo lenyewe. Fundi akaja, mzungu mpole mwenye tochi, akaingiza kichwa kabatini, akakitoa upesi kama mtu aliyemeza inzi, akapuliza dawa ya ndimu na kwenda zake. Tangu hapo kabati likanuka maiti aliyejipaka ndimu.

Bisogo, mwenye chumba, hakumwambia fundi habari ya koti.

Kazi yake ilikuwa ya usiku, kwenye ghala la kukodisha mavazi ya maigizo. Wateja wazuri kuliko wote walikuwa watu wazima, wenye mishahara na vitambi, waliokodi kofia za manyoya na kwenda bustanini kila Jumamosi kupigana vita vya Waingereza vya karibu miaka mia nne iliyopita: huku mfalme, kule bunge. Msimamizi wake, Reginaldi, Mtanzania asiyepitwa na kitabu, alimweleza kisa chote wakikunja suruali.

"Mfalme alisema Mungu ndiye aliyemweka. Bunge likasema hatozi kodi bila ruhusa yao. Wakauana miaka, mwisho wakamkata mfalme kichwa."

"Bon. Kisha?"

"Kisha wakamwita mwanawe aje atawale."

"Donc bale bote balikufa bure?"

"Karibu wote," alisema Reginaldi. "Nipe ile soksi."

Koti lilirudi na sanduku la mavazi kutoka Buffalo, mji wa mpakani kaskazini, na halikuwa la ghala. Lilikuwa la ngozi, zito, la rangi ya samli iliyochacha, na hata asiyejua mambo ya kale angeona kwamba halikushonwa kwa ajili ya mchezo. Amri ikatoka: litupwe. Lakini Bisogo ni mtoto wa wafugaji wa milima ya Minembwe. Akalipapasa, akajua kwamba ng'ombe aliyetoa ngozi ile alikuwa ng'ombe hasa, na mtu wa kwao hatupi ngozi ya ng'ombe jalalani kama ganda la ndizi. Akalibeba nyumbani, akalitundika katika kabati la chumba cha pili.

Kwa vile alilala mchana, usiku wake ulikuwa saa sita za jua kali. Saa hizo ndizo alizoanza kusikia, ukutani karibu na kichwa chake, kitu kikinyonya. Kilinyonya, kikapumzika, kikalamba. Kisha akamsikia mama yake, Kanyana, akinong'ona chumba cha pili: "Kunywa, mwanangu. Kunywa yote."

Akainuka. Kikongwe alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati, kikombe kitupu mkononi.

"Mama, unapatia nani maziwa?"

"Mugeni," alisema Kanyana bila kuona haya. "Alipiga hodi mule ndani. Akaniuliza: muko ba mufalme ao ba bunge? Nikakumbuka kule kwetu. Si batu ba bunduki balituulizaka vile kila juma, majina tu ndiyo yalibadilika? Mutu mwenye kuuliza vile iko na njaa. Sikumujibu. Nikamupatia maziwa."

"Sasa anasemaka Kiswahili?"

"Tangu anywe, anasema sawa mutu wa Uvira."

Bisogo alicheka, kicheko cha kujikaza. Kesho yake Mizero, bintiye aliyekuwa bado hajafikisha mwezi, alikataa ziwa.

Mkewe, Umuhoza, alikamua maziwa kwenye kijiko ili aone kasoro, kisha akamwita mumewe kwa sauti ndogo. Juu ya kijiko paliganda mafuta ya manjano kama usaha, na ndani ya mafuta ulijikunja unywele mfupi mwekundu wa ng'ombe. Harufu ilikuwa ile ile ya kabati. Maziwa ya dukani nayo yalichacha yakigusa tu mdomo wa mtoto. Kliniki waliandika "ongezeko la uzito lisiloridhisha", maneno yenye adabu sana kwa mtoto ambaye mbavu zake zilianza kuhesabika.

Bisogo akalitupa koti kwenye pipa la mtaa, akafunga kifuniko, akakikalia mpaka lori lilipokuja na kulisaga mbele ya macho yake, na aliporudi juu, jasho likimtoka, akafungua kabati na kukuta koti limening'inia palepale, limelowa, mikono imetuna kana kwamba imevaliwa, na kutoka kwenye mikono hiyo yakidondoka mabonge ya maziwa yaliyoganda, moja moja, polepole, na ndani ya kila bonge funza weupe wanene wakigeuka taratibu kama watu wanaotafuta usingizi, na juu kwenye kola, mahali pa kichwa, pasipo kichwa, kitu kikicheua kwa kushiba.

Alitapika mpaka nyongo.

Wakamwita Mama Fides, mwombezi wa mji wa Columbus, ambaye majini yote ya mtaa wake wa Morse Road yalimjua kwa jina. Alikuja na basi, Biblia na soksi mbili za ziada. Akawasha moto wa sala. "Toka kwa jina la Yesu!" Koti likacheua. "Toka!" Likacheua tena, safari hii usoni pake. Akajifuta, akaketi kitandani.

"Papa Mizero, uniambie kweli. Mulimupatia maziwa?"

"Mama ndiye alimupatia."

"Aaa. Basi hii si pepo ya kukemea. Ni mugeni wenu. Mutu amekunywa maziwa kwako, utamufukuza na mudomo gani? Mugeni anasindikizwaka. Na mwenye kusindikiza hageuke mpaka mugeni mwenyewe amwambie: rudi."

Kanyana akainamia kabati. "Mwanangu, unaendaka wapi?"

Sauti ikatoka, ya kijana, nzito kama imepita kwenye uji. "Nilipigania bunge, watu wa mfalme wakanishika. Nikapigania mfalme, watu wa bunge wakanishika. Mtaroni wakaniuliza mimi ni wa nani. Nikasahau."

Umuhoza alikuwa akilia bila sauti, mtoto kifuani.

"Kule Buffalo," alisema Fides hatimaye, "kuna daraja. Ngambo ya muto kuna inchi iko na mufalme na bunge, byote mbili."

"Na habapigane?" aliuliza Kanyana.

"Banasalimiana kwa televisheni."

Koti likajiondoa kwenye kitundikio.

Bisogo na Fides wakapanda basi nalo. Abiria walihamia mbele, safu baada ya safu, leso puani. Walipofika Columbus, Fides akashuka, akawaombea haraka. Simu ikalia: Umuhoza. "Ananyonya! Papa Mizero, ananyonya!" Bisogo akalia, na koti likamwegemea begani, lenye unyevu, lenye joto.

Kule darajani, afisa wa mpaka alizikagua karatasi zake, akazirudisha.

"Ziko sawa. Na za mwenzako?"

Bisogo akageuka. Pembeni yake koti lilikuwa limesimama wima, likimtazama afisa.

"Hana, bwana."

"Anatokea wapi?"

"Vitani."

"Wote hutokea vitani," alisema afisa kwa uchovu. "Bila karatasi hapiti."

Wakarudi mjini Buffalo, mtaa wa Grant Street, kwa Paluku, jamaa yake mwenye duka la vyakula, aliyewapa chumba cha nyuma na kufungua madirisha yote. Asubuhi Bisogo alitoroka peke yake. Alikuwa amefika Columbus tu simu ilipolia tena: mtoto amekataa, maziwa yana nywele. Akashuka, akapanda basi la kurudi kaskazini.

Kanisani Louisville wanasema amemkimbia mke. Ofisi ya majumba inasema amehama kwa hiari. Kilichotokea ni hiki: Mizero ananyonya na ananenepa, baba yake anaishi Buffalo na mgeni, na mgeni hajamwambia rudi.