Chumvi Kwenye Kitalu cha Nyanya

Kila asubuhi, kabla ya kengele, wanafunzi wa Njinjo waliteka maji kisimani na kumwagilia shamba la shule. Walikwenda wawili wawili wakitaniana. Mwahija alikwenda nyuma, peke yake, ndoo kichwani.

Alikuwa mgeni. Baba yake alibaki Kilwa Kivinje na nyavu zake, yeye akaletwa kwa shangazi katika kijiji hiki kipya cha ujamaa. Majirani walikuwa tele, rafiki hakuna. "Mla dagaa huyo anapita," Likwata wa darasa lake alisema kila alipomwona, na wenzake wakacheka. Kadija tu ndiye aliyemsogezea nafasi kwenye dawati, bila maneno mengi.

Mwahija akawaza: nikifanya jambo la maana, watanipenda. Akamkumbuka babu yake, ambaye kila alipopanda mnazi alitia chumvi shimoni, na minazi ile ilizaa mpaka wakwezi wakachoka. Basi jioni moja akachukua chumvi ya shangazi, akaimwaga kwenye kitalu cha nyanya na kuifukia kwa vidole. Akarudi nyumbani moyo mweupe.

Hazikupita siku nyingi, miche ikalegea kama matambara.

"Zamu ilikuwa ya nani?" Mwalimu Veronika akauliza.

"Ya Kadija," Likwata akadakia. "Huyu mvivu, mwalimu."

"Nilimwagilia. Si huo udongo, bado mbichi?"

"Labda ulitema mate."

Darasa zima likacheka. Mwalimu akamwondoa Kadija kitaluni. Atapalilia mihogo peke yake. Mwahija aliijua vizuri hiyo peke yake. Akinyamaza, mwenzake ataonewa. Akisema, hata ile nafasi ya dawati itakwisha. Akasimama.

"Ni mimi, mwalimu. Nilitia chumvi. Kwetu hutiwa kwenye minazi."

Darasa zima likamgeukia.

Mwalimu hakugomba. Alimtaka radhi Kadija, kisha akaagiza papai bichi, akalikata vipande, kimoja akakitia chumvi. Waliporudi kutoka mapumziko, kipande kile kilikuwa kimelegea na sahani ina maji.

"Maji yametoka wapi?"

"Ndani ya papai," Likwata akasema.

"Naam. Kila kilicho hai kimejengwa kwa seli, vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba. Maji huupita kwa urahisi, vitu vingine huchaguliwa. Chumvi ikizidi nje, maji hutoka kuifuata, seli ikanywea. Mnazi huivumilia chumvi, nyanya haiwezi. Sasa udongo uoshwe kwa maji mengi."

Mwahija akabeba ndoo, akatangulia. Nyuma akasikia hatua.

"Unakimbilia basi la Nangurukuru, urudi kwenu?" Kadija akauliza. "Ningoje, basi."

Likwata naye akafuata na ndoo mbili. "Mla dagaa, hilo papai lako limebaki? Nina njaa."

Miche mingine ilikufa. Mingine, baada ya kumwagiliwa tena na tena, iliinua vichwa.

"Mmea usioujua, uliza kwanza," Mwalimu Veronika akawaambia pale kitaluni. "Ukikosea, sema. Seli ikifunga utando wake, isipitishe kitu, hufa. Na mtu vivyo hivyo. Nanyi wenyeji, mgeni atapitaje kama ninyi ndio mmefunga?"

Likwata akatazama chini. Kesho yake, katika njia ya kisimani, Mwahija hakuwa nyuma.