Ndege Iliyopimwa Juu ya Meza

Kila Alhamisi baada ya masomo, wanachama wa klabu ya sayansi walikutana katika karakana ya shule yao mjini Karatina. Alhamisi hiyo ya mwaka wa 1984, meza ilibeba ndege waliyoiunda wenyewe kwa mbao nyepesi. Ilikuwa na mota ya umeme, na ingezunguka mlingoti ikiwa imefungwa kwa waya, betri ikiwa chini. Kesho yake, siku ya wazazi, ingepita juu ya vichwa vya watoto wa darasa la kwanza.

"Tumeiwasha hapa mezani, haikutetemeka hata kidogo," alisema Theuri, mwenyekiti wa klabu. "Rukaya, tia sahihi."

Rukaya wa darasa la saba ndiye aliyetunza daftari la majaribio, na bila sahihi yake ndege isingeruka. Aliifunga kalamu yake. "Mmepima meza. Meza ndiyo iliyouzuia mtetemo. Je, huko hewani utazuiwa na nini?"

"Ati fundi wa ndege! Na babako anashona viatu," alidhihaki Theuri.

"Vyako ameshona, na havijawahi kufumuka."

Wenzao wakaangua kicheko. Bwana Ngatia, mwalimu mkuu, akaingia. "Kelele za nini? Tia sahihi, binti. Wazazi wameshaalikwa."

Rukaya hakuifungua kalamu. "Nisamehe, Mwalimu. Siandiki nisichokiona. Tuining'inize kwa tyubu za baiskeli, iwe kama iko hewani, ndipo tuiwashe."

"Haya, ining'inizeni," alisema mwalimu mkuu kwa hasira. "Halafu uone aibu."

Walipoining'iniza, Theuri aliiwasha na kuongeza kasi taratibu. Mwanzoni ndege ilitulia. Mota ilipofika kasi ya kati, mkia ukaanza kucheza, ukacheza zaidi, mara ukakatika na kuanguka miguuni pa mwalimu mkuu.

Theuri aliinama kuuokota. "Mdogo wangu wa darasa la kwanza angeketi chini yake kesho," alinong'ona. "Leteni uzi."

Waliuunga mkia, wakaukaza kwa vijiti vya mwanzi, wakapima kasi zote upya. Safari hii ulitulia tuli.

"Nilitaka siku ya wazazi ifane, nikawasahau watoto," alisema Bwana Ngatia. "Sikilizeni. Mtu akiwahimiza kutia sahihi, hata akiwa mimi, shikilieni mlichokiona kwa macho yenu. Mkweli hukera kwa saa moja, lakini huokoa watu. Sasa, Rukaya, umeona nini?"

"Mkia ulikatika, ukaungwa, ukatulia."

Akaandika yote matatu, ndipo akatia sahihi.