Losheni Iliyonuka Kikaango

“Usinizungushe, nesi. Pua ninayo,” mama alisema, akaligonga kopo mezani kwa mara ya tatu. “Mmenipa uozo, nikampaka mtoto.”

Nesi, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alirudia kwamba kliniki haigawi losheni ya kukinga jua iliyoharibika. Makopo yote ya mwezi ule yalitoka kwenye katoni moja, na hakuna mzazi mwingine aliyelalamika. Mama akamjibu kwamba huenda wazazi wengine hawana pua. Alikuwa mshonaji, ameacha gauni la mteja likiwa nusu kwenye cherehani, na alisema kwamba asipopata maelezo ya maana angekwenda moja kwa moja kwa daktari mkuu kumshtaki.

Waliokaa kwenye benchi waligeuza shingo kutazama. Kwenye kiti cha mgonjwa aliketi mwanawe wa miaka tisa, aliyeitwa Kocha kwa sababu alipenda kuwaelekeza wenzake uwanjani, hata waliomzidi kwa mbali kucheza. Kocha alizaliwa na ualbino. Nyuma ya shingo yake kulikuwa na malengelenge makubwa kama maharage. Mawili yalikuwa yamepasuka, na maji ya manjano yaliyotoka yalikuwa yameigandisha kola ya shati kwenye ngozi. Inzi alifukuzwa, akarudi, akafukuzwa tena.

Nyuma ya mama alisimama dada yake Kocha, msichana wa miaka kumi na tatu, akitazama vigae vya sakafu kana kwamba ameambiwa avihesabu.

Nesi alivaa glavu, akafungua kopo. Juu ulikuwa umetanda ukoko wa mafuta ya njano. Chini yake kulikuwa na madonge meupe, na ndani ya madonge hayo sisimizi walikuwa wamenasa, wengine wakiwa na miguu juu. Harufu ikapanda, harufu ya mafuta yaliyokaangiwa, yakaachwa siku nyingi kwenye joto. Mzee mmoja alihama benchi. Nesi alichota kidogo, akasugua kati ya vidole, akanusa, akakunja uso kama aliyekanyaga kinyesi.

“Mama Kocha, hii si losheni yangu. Hii imetoka kikaangoni, tena imetiwa dawa ya meno. Nyumbani kopo hili hukaa na nani?”

Mama alisema hukaa na binti yake, kwa kuwa yeye mwenyewe huondoka mapema kwenda kushona. Na huyo binti, aliongeza, hamshuku hata chembe. Akachukua mkoba wake, akauliza ofisi ya daktari mkuu iko mlango gani.

Dada aliona miguu ya mama ikielekea korido. Mama akifika kule, nesi angeitwa, angeandikiwa barua, pengine angesimamishwa kazi. Na nyumbani Kocha angeendelea kupakwa uchafu uleule.

“Mama, rudi,” alisema. “Nesi hana kosa. Ni mimi.”

Kisha akaeleza yote. Shuleni wasichana wa timu ya netiboli walikuwa wakijiuliza kwa nini Kocha ni mweupe, wakakubaliana kwamba ni ile losheni anayopakwa kila siku. Kiranja wao akamuuliza Dada kama ni kweli. Dada alijua vizuri kuliko wote. Alikuwa na miaka minne Kocha alipoletwa kutoka hospitali ndani ya blanketi, mweupe tayari, kabla hajapakwa chochote. Lakini siku ile wasichana walikuwa wamemsogezea nafasi kwenye benchi lao, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya, naye akasema, “Huenda.” Kesho yake, kwa kuwa nao walitaka weupe, akawapelekea kijiko kimojakimoja, kimefungwa kwenye kipande cha nailoni. Wiki iliyofuata wakataka tena.

Kopo lilipokaribia kwisha, alilijaza mafuta ya kikaangoni, akakoroga na dawa ya meno ili yawe meupe. Alijiambia kwamba mafuta ni mafuta. Tena siku hizo kulikuwa na mawingu, na aliamini siku ya mawingu haiunguzi mtu. Kocha akapakwa, akaenda kufyeka nyasi uwanjani kwa muda wa saa tatu. Kofia aliivua, maana aliamini amekingwa.

Mama hakumpiga. Alimtazama kama anavyotazama kitambaa kilichotafunwa na panya.

“Umempaka mdogo wako mabaki ya kikaango,” alisema taratibu. “Halafu ukamtazama akitoka nje.”

Kocha alinusa kiganja chake mwenyewe, akakipangusa kwenye kaptula, akasogea mbali na dada yake. Hilo lilimuuma Dada kuliko kofi.

Mama aligeuka, akamwomba nesi radhi kwa sauti ileile aliyomtukania, ili benchi zima lisikie. Nesi akasema yamekwisha, akavuta kiti, akaanza kuloweka kola ili aibandue bila kuichana ngozi. Alizungumza huku akifanya kazi.

“Mafuta ya kupikia hayazuii jua, binti. Yanakuacha uchi, ila unang’aa. Na mawingu si dari, mionzi hupita. Hata losheni yenyewe si ya kupaka asubuhi ukasahau mpaka jioni. Inapakwa nusu saa kabla ya kutoka, inarudiwa kila baada ya saa mbili, na kofia na shati la mikono mirefu viko palepale.”

“Na weupe?” mama mmoja aliuliza kutoka kwenye benchi.

“Haimgeuzi mtu rangi. Ingekuwa inageuza, mimi ninayeigawa mwaka wa kumi na mbili sasa ningekuwa karatasi.”

Benchi likacheka. Dada hakucheka, na nesi aliliona hilo.

“Ngozi nyeusi nayo huumizwa na jua, lakini imezaliwa na kinga nyingi. Ya mdogo wako haina. Wewe uliwapa mwavuli waliokuwa chini ya paa.” Alibandua kipande cha mwisho cha kola, na Kocha akauma meno. “Asiyejua hufundishwa. Lakini wewe ulijua, ukanyamaza ili upendwe. Huo unyamavu wako ndio uliomchoma huyu. Jua limemalizia tu.”

Kidonda kilisafishwa, kikafunikwa. Nesi alimpa mama kopo jipya. Dada akauliza kama aende kukusanya losheni iliyobaki kwa wasichana. Nesi alisema losheni iliyochokonolewa na vidole vya watu kumi haipakwi kwenye ngozi ya mgonjwa wake, labda iende kulainisha bawaba.

Nje, mama alisema kesho atamsindikiza shuleni akawaambie wenzake ukweli.

“Kesho nitapata kisingizio,” Dada alisema. “Sasa hivi wako uwanjani.”

Wakaenda. Kiranja alikuwa na mpira mkononi Dada alipomsimamisha na kusema mbele ya timu nzima kwamba losheni ile haibadilishi rangi, kwamba Kocha alizaliwa hivyo, kwamba yeye alijua tangu mwanzo, na kwamba waliyokuwa wakijipaka ilikuwa dawa ya mtoto ambaye sasa shingo yake inatoa maji. Msichana mmoja alianza kujisugua mikono kwa sketi. Kiranja akamwambia asikae tena kwenye benchi lao.

“Sawa,” Dada alisema.

Alirudi barabarani kwa mama na Kocha, akaenda kutembea upande wa jua, akamwachia mdogo wake kivuli.