Mgeni kwenye Kuni za Abonyo

Mwaka ule mvua ilichelewa kijijini Genkuru. Majani ya mahindi yalijikunja kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Kila asubuhi mama Abonyo alitoka nje, akatazama juu, akaguna, kisha akarudi kuwasha moto wa uji.

Asubuhi moja mkwe wake, Teresia, alikwenda nyuma ya jiko kuchukua kuni. Akarudi mbio.

"Mama! Nyoka! Mnene, ana mabaka. Jembe liko wapi?"

Abonyo akaenda kuchungulia. Nyoka alikuwa amejikunja juu ya kuni, mfupi, mnene, hana haraka na mtu. Uso wa Abonyo ukachanua.

"Jembe la nini? Huyu ni ng'ielo, mtoto wa chatu. Kwetu Wajaluo, chatu akija nyumbani wakati wa ukame, kaleta mvua. Hapigwi, hafukuzwi."

"Lakini Mama, tumpigie simu yule dada wa wanyamapori aje amtazame."

"Yule aliyetoka Bukoba juzi? Atanifundisha nini? Nyie Wakurya mnajua ng'ombe. Nyoka tuachieni sisi."

Teresia akarudi jikoni. Nani abishane na mama mkwe?

Abonyo akamwekea mgeni maziwa kwenye kibakuli. Akaita majirani waje kuona. Jioni wingu likadondosha manyunyu, hayakulowesha hata vumbi. Abonyo alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

"Mmeona? Si niliwaambia?"

Kesho yake kuni za jikoni ziliisha. "Chukua za pembeni," Abonyo akamwambia mkwewe. "Taratibu, usimsumbue mgeni."

Lakini mgeni alikuwa amehama. Alilala pembeni, chini ya majani makavu. Teresia akakanyaga karibu naye. Ukasikika mlio, fuuuu, kisha yowe.

Abonyo alimkuta mkwewe ameketi chini, ameshika mguu. Akavua kitenge chake ili aufunge mguu kwa kukaza. Akaagiza wembe. Lakini Teresia alikuwa ameshampigia simu Honoratha, yule dada wa wanyamapori, na sauti ya Honoratha kwenye spika ilisikika kwa wote.

"Msikaze mguu! Msichanje! Msinyonye! Mvueni viatu na kikuku kabla mguu haujavimba. Alale, asitembee. Wekeni ubao kando ya mguu, ufungeni bila kukaza, usicheze. Nyoka mwacheni. Hospitali, sasa hivi!"

Mwikwabe, jirani wa bodaboda, akaleta pikipiki. Wakampakia Teresia katikati. Abonyo akakaa nyuma, akamkumbatia njia nzima.

Hospitalini muuguzi akauliza, "Ni nyoka gani?"

"Cha... chatu," Abonyo akajibu kwa sauti ndogo.

"Chatu hana sumu, bibi. Mguu huu una sumu."

Abonyo akajifunika uso kwa kitenge. Aliona kile kibakuli cha maziwa. Alisikia vigelegele vyake mwenyewe.

Teresia alipata dawa ya kuzuia sumu, akanusurika. Mguu wake ulikuwa umevimba kama gogo. Abonyo hakuthubutu kuingia wodini. Alikaa nje kwenye benchi, uji akiutuma kwa mikono ya watu wengine. Aliyemwuliza habari za mgonjwa, alimjibu akitazama vidole vya miguu yake.

Hapo ndipo Honoratha alipomkuta. Alikuwa ametoka kumwondoa yule nyoka kwa koleo refu na kumfungia kwenye ndoo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja na kitabu."

Kilikuwa kitabu cha picha za nyoka. Honoratha akafungua kurasa mbili.

"Huyu ni kifutu. Mfupi, mnene, magamba yanakwaruza kwa kuyaona tu. Mgongoni ana alama kama herufi V, moja nyuma ya nyingine. Mara nyingi hakimbii. Anatulia, ukimkaribia anavuma, anauma. Huyu sasa ni chatu mdogo. Ngozi inang'aa. Mabaka yake hayana mpango, kama mawingu. Juu ya kichwa ana alama kama ncha ya mkuki."

Abonyo akatazama huku, akatazama kule. "Mimi niliona mabaka, nikamaliza kazi."

"Wengi huwachanganya, mama. Mila yako siigusi. Chatu wa kweli usimwue, lakini usimfuge nyuma ya jiko. Akikua anameza mbuzi. Nyoka yeyote usiyemjua, simama mbali, nipigie."

Abonyo akabaki na kitabu mapajani. Mwishowe akainuka, akaingia wodini.

"Teresia," akasema, "mimi ndiye niliyekuuma."

Teresia akajiinua kidogo kitandani. "Basi Mama, kwa umri huu una meno makali."

Walicheka. Kisha Abonyo akalia. "Ulisema tuite mtu. Nikakufunga mdomo."

"Ulinifunga. Siku nyingine nitasema mara mbili."

Teresia aliporudi nyumbani, kuni zilikuwa juu ya kichanja, mbali na jiko. Nyasi zilikuwa zimefyekwa. Mlangoni palikuwa na mabuti, ya kwake.

Mvua ilikuja yenyewe. Baada ya mavuno, wanawake wa kwaya ya kanisa walikuwa wakipukuchua mahindi nyumbani kwa Abonyo, mmoja akaruka. "Nyoka! Mama Abonyo, huyu naye tumwekee maziwa?"

Wakaangua kicheko. Abonyo akahisi uso unawaka. Zamani angekuwa na jibu.

"Simjui," akasema. "Rudini nyuma. Teresia, lete kitabu."

Nyoka alikuwa mwembamba, rangi ya udongo, na mistari hafifu iliyopita jichoni. Walimpiga picha kwa mbali, wakamtumia Honoratha. Akajibu: huyo ni nyoka-nyumba, hana sumu, anakula panya. Wakamwacha aende zake chini ya ghala. Msimu ule magunia yao hayakutobolewa.

Wanawake walipoketi tena, Abonyo akasema, "Kitendawili!"

"Tega!"

"Ukimwita kwa jina la uongo, anaitika kwa meno."

Wote wakautazama mguu wa Teresia, penye kovu. Hakuna aliyecheka. Teresia mwenyewe ndiye aliyejibu.

"Nyoka."

"Umepata, mwanangu," Abonyo akasema. "Na aliyekosea jina ni mimi."