Waya wa Spika ya Kushoto

Mbinga wananiita Dijitali. Jina la ubatizo nimelizika mwenyewe, la kizee mno. Shule niliiacha mapema, sawa, lakini tangu maduka yaanze kujaa redio za kila aina, anayetaka muziki wa nyumbani ananitafuta mimi. Wengine wote huchagua amplifaya kwa wingi wa taa, utadhani wanapamba kanisa.

Jua lilikuwa linazama nilipofika Namswea kwa mzee Augustino. Alikuwa ameuza kahawa kwa mnunuzi binafsi, na badala ya bati akanunua muziki. Mkewe, mama Ida, hakuwa ametoa neno tangu wamzike binti yao, Luisa. Mzee alitaka tu nyumba iwe na sauti.

Nilimchagulia amplifaya nzito ya kutumia betri ya lori, spika mbili za mbao na deki ya CD. Nikamwambia kaseti zinakoroma kama walevi. CD ikinyamaza, imenyamaza kweli.

Spika ya kulia ikakaa sebuleni. Ya kushoto aliitaka chumbani, karibu na kitanda cha mama Ida.

Waya haukufika.

Nilikuwa nimepima kwa jicho, tena kwa majigambo. Sasa nione aibu mbele ya mzee? Nikasema nina mwingine kwenye baiskeli, nikazunguka nyuma ya nyumba.

Mzee alikuwa amenionya: huko nyuma kusiguswe kitu mpaka misa ya kumaliza matanga. Kaburi lilikuwa kati ya mibuni. Msalaba wa miti miwili, umefungwa kwa waya wa shaba, mizunguko mingi, imekazwa. Kwao mama mzazi ndiye hufunga, hamwachii mwingine.

Shaba safi. Nene.

Nikaufungua.

Mti wa kulala ukaangukia udongo. Nitaufunga kesho kwa katani, nikajiambia. Nikaukata waya vipande viwili, nikavipitisha mpaka spika ya kushoto, mbali mbali visigusane, nikawasha.

Kimya... Halafu harufu ya udongo mbichi. Nilidhani ni mikono yangu.

Spika ya kushoto ikapumua.

CD nilikuwa sijaweka.

"Redio ya ng'ambo hiyo, baba," nikasema, nikicheka. "Waya mtupu ukiwa mrefu unanasa mawimbi. Malawi si hapo tu, ukivuka ziwa?"

Ni kweli, huwa inatokea. Lakini ilikuwa sauti ya msichana, chini chini... na ilisema Kimatengo, lugha ya huku huku. Redio gani ya ng'ambo inasema Kimatengo?

Nikachungulia chumbani. Mama Ida alikuwa ameketi, sikio kwenye kitambaa cha spika.

"Luisa," akanong'ona.

Mzee akapiga magoti, akalia. Akanishika mikono, ile ile yenye udongo, akanishukuru.

Mama Ida akanigeukia.

"Anasema baridi. Anauliza nani kamfungua. Nimjibu nini, mwanangu?"

Mimi, mwenye mdomo kuliko wote Mbinga nzima.

"Sijui, mama."

Kesho yake nilirudi na waya mpya wa dukani. Mama Ida akakataa spika iguswe. Alikuwa ametoka kula ugali, mara ya kwanza tangu msiba. Mzee ananisifu kila mahali, wateja wanamiminika. Nikiutoa ule waya, mama atanyamaza tena. Nikiuacha, Luisa analala wazi. Katani nimeifunga mara mbili. Mara zote mbili nimeikuta chini, imefunguka bila kukatika.

Betri ya mzee huja kwangu kuchajiwa. Safari hii iko hapa tangu Jumatatu, na nyingine hana. Jana mzee alipita dukani kwangu, nikampa shikamoo, nikamwomba radhi kwa kuwaacha na kimya.

Akashangaa.

"Kimya gani? Wanaongea mpaka kunakucha." Akavua kofia, akaikunja. "Ila mama yako anauliza jina lako la ubatizo. Anasema ametumwa."